Je, Wajua? Angani Tulishafika kwa Kiswahili

Je, wajua kwamba Kiswahili kilikuwa na nchi yake angani miaka 10 kabla Yuri Gagarin hajaizunguka dunia? Gagarin aliruka tarehe 12 Aprili 1961. Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert, ilichapishwa mwaka 1951, na nchi inayosimuliwa humo inaelea hewani. Wajumbe sita wanatumwa pande zote, mmoja hadi mbinguni na mwingine hadi ardhini, wakatafute mambo ya kuifaa nchi yao. Kila anayerudi na habari njema anatiwa gerezani. Unacheka, kisha unanyamaza, maana wakubwa wa namna hiyo unawajua.

Je, wajua kuwa wavuvi wa Kigamboni na wanaanga wanatumia neno moja? Chombo, kwa watu wa pwani, ni jahazi, mashua, ngalawa. Kiswahili kilipohitaji jina la kile kinachokwenda mwezini hakikuhangaika: chombo cha angani. Sayari nayo asili yake ni Kiarabu, maana yake kitu kiendacho, na ndugu zetu walioko Oman husikia neno hilohilo kila siku barabarani, kwani huko sayyara ni gari.

Mwaka 1962 mwanaanga John Glenn, akiizunguka dunia mara tatu, aliwasiliana na kituo cha Wamarekani kilichokuwa Zanzibar. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi. Na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka kwenye nyota ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi. Ilipewa jina Uhuru, kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha uhuru wake.

Lakini kwangu mimi, safari kubwa kuliko zote ni ya Dzombo, katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyotoka mwaka 1995. Dzombo amehukumiwa kufa kwa kuwatetea wanyonge. Hanyongwi wala hapigwi risasi; anafungiwa ndani ya chombo na kurushwa angani akafie huko. Hafi. Anatua kwenye sayari ambayo watu wake wanaishi kwa haki na usawa, na vituko vyote vya kwao alikotoka vinaanza kuonekana vya ajabu kuliko hiyo sayari ngeni. Sasa litamke jina la sayari hiyo, Walenisi, polepole: wale ni sisi.

Mkangi hakuyabuni hayo yote mezani. Mwanasosholojia huyu wa pwani ya Kenya aliwahi kuwekwa kizuizini mwaka 1986, wakati wa utawala wa Rais Moi. Alifariki mwaka 2004.

Msomaji wa Kigamboni, foleni ya pantoni pale Magogoni unaijua. Siku nyingine ukienda kuvuka, beba Walenisi.