Mbolea ya ruzuku: nani yuko kwenye orodha?

(Muziki wa kipindi, unashuka taratibu)

Hapa Bujumbura mvua za kwanza zimeanza kugonga mabati. Msimu A umefika, na mkulima anataka mbolea iwe nyumbani. Leo tunaeleza mbolea ya bei nafuu ya serikali, maana wengi wenu mnakodi kipande cha shamba kwa mwenyeji au mnamfanyia kibarua. Yeye akikosa mbolea, na nyinyi mnakosa.

Ruzuku ni sehemu ya bei ambayo serikali inalipa ili mkulima alipe kidogo. Mpango huu wa Burundi ulianza mwaka 2012. Mkulima haendi tu dukani kununua. Kwanza anajiandikisha kwenye kilima chake, anataja kilo anazotaka, anatoa avansi. Baadaye anamalizia pesa iliyobaki, anapewa karatasi ya malipo, ile tunayoita bordero. Halafu anasubiri. Mwaka 2019 mpango ulianza kutumia mbolea ya FOMI, inayotengenezwa humu humu nchini: Imbura ya kupandia, Totahaza na Bagara za kuongeza mimea ikishaota.

Tatizo liko kwenye kusubiri. Miaka ya karibuni wakulima wengi wamelalamika: wamelipa yote, mbolea imekuja mahindi yakiwa yamefika magotini, au haikuja kabisa. Sasa lori likileta mifuko michache, nani anapewa kwanza? Hapo ndipo orodha inatakiwa ibandikwe ukutani: nani amelipa, tarehe gani, kilo ngapi, amepewa ngapi. Ikibaki kwenye daftari la mtu mmoja, mkulima hana la kufanya ila kuamini neno lake.

Jirani zetu Tanzania walianza mpango wa vocha mwaka 2008. Kamati za vijiji ndizo zilizochagua wa kupewa. Watafiti walipokwenda Kilimanjaro walikuta vocha kama 60 katika kila 100 zimeingia kwenye nyumba za viongozi waliochaguliwa wa vijiji. Hakukuhitajika kuvunja ghala usiku, kalamu ilitosha.

Sisi wakimbizi tunazijua orodha. Mwaka mmoja jina la mama yangu lilikosekana siku ya mgao. Kwa bahati orodha ilikuwa imebandikwa mlangoni, tukaona asubuhi ile ile, tukapeleka karatasi zetu, mchana likarudishwa. Isingebandikwa, tungeambiwa rudini mwezi ujao.

Lakini kuna atakayesema: mimi jina langu lisibandikwe, kuna watu nimewakimbia. Ni kweli kabisa, na hata Ulaya wamevutana juu ya hilo. Nchi za Umoja wa Ulaya zilikuwa zinaweka kwenye intaneti majina ya wanaopata pesa za kilimo. Mwaka 2010 mahakama yao ikasema kuwatangaza watu binafsi wote, bila kuangalia kila mmoja amepata kiasi gani, kumepita mpaka. Siku hizi wanatangaza tena, ila anayepata euro 1,250 au chini ya hapo jina lake linafichwa.

Kwa mawazo yangu mimi, ukutani ingetosha namba ya bordero na idadi ya kilo. Mwenye namba anajijua, na jirani anaweza kuhesabu mifuko.

Basi kama mnalima pamoja na mwenyeji, muulizeni kabla ya kupanda: malipo yamekwisha? Yako kwa jina la nani? Bordero iko wapi? Ipigeni picha kwa simu. Mtu akisema atawaandikisha, msimpe pesa mkononi bila karatasi. Bordero inaonyeshwa, haiachwi kwa mtu. Na kilo zikipungua, ombeni orodha isomwe kwa sauti mbele ya watu. Ombeni kwa adabu, na msiende mtu mmoja mmoja.

Wiki ijayo tutasoma maswali yenu ya mbolea hapa hapa. Mnapoandika, tajeni na msimu mnaouzungumzia.

(Muziki unapanda)