Mtoto Mwenye Usonji Anapokosa Usingizi

Saa nane usiku mtoto yuko macho, anazunguka sebuleni. Asubuhi analia, anashika tumbo na kukataa sare ya shule. Majirani husema ni utundu. Wengine hutaja mapepo. Kwa mtoto mwenye usonji, hasa asiyeongea, huenda hiyo ndiyo njia yake ya kuonyesha wasiwasi. Wasiwasi humnyima usingizi, na kukosa usingizi huzidisha wasiwasi.

Wazazi wanashauriwa kuanza na usiku. Chakula, kuoga, kupunguza mwanga, kulala: utaratibu uwe uleule kila siku, hata wikendi. Picha za hatua hizo zikibandikwa ukutani, mtoto hujua kinachofuata. Dawa ya mafua isitumiwe kumlaza, ingawa wengi hufanya hivyo. Ni hatari na wasiwasi hubaki palepale.

Akiacha hata mchezo anaoupenda, au akikosa hamu ya chakula kwa majuma mawili, apelekwe kituo cha afya. Akijiumiza, asicheleweshwe hata siku moja. Mzazi abebe daftari lenye saa za kulala na kuamka, na aombe meno, masikio na tumbo vikaguliwe kwanza, kwani maumivu pia humkosesha mtoto usingizi.