Kumfundisha Kijana Kujenga Hoja

Kijana anayejenga hoja hufanya mambo manne. Hutaja waziwazi anachokitaka, hutoa sababu, huonyesha ushahidi wa sababu hizo, kisha hujibu wasiwasi wa yule anayemwomba. Ombi lililokosa mambo hayo huishia kuwa malalamiko, kununa au vitisho vya kususa. Hakuna anayezaliwa na ujuzi huu. Hufundishwa, na mahali pa kwanza pa kuufundishia ni nyumbani, katika umri wa miaka 10 hadi 19 ambao Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuwa rika la balehe.

Akili ya rika la balehe

Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget (1896–1980) alieleza kuwa kuanzia miaka 11 au 12 hivi, namna ya kufikiri ya mtoto hubadilika. Mtoto wa miaka minane huwaza zaidi juu ya vitu anavyoviona na kuvishika. Kijana huanza kuwaza juu ya mambo yasiyokuwepo: ingekuwaje kama sheria ya nyumbani ingekuwa nyingine, kwa nini kaka aliruhusiwa naye akakatazwa, kanuni hii inalinda kitu gani. Ndiyo maana mtoto aliyekuwa akitumwa dukani bila neno huanza ghafla kuuliza kwa nini atumwe yeye kila siku. Wazazi wengi huona hapo utovu wa adabu. Mara nyingi ni uwezo mpya wa akili unaotafuta pa kufanyia kazi.

Uwezo huo huja kabla ya utulivu wa kuutumia. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga, kupima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu anapovuka miaka 20. Sehemu zinazohusika na hisia na msisimko hupamba moto mapema zaidi. Matokeo yake ni kwamba kijana huyohuyo anaweza kupanga sababu vizuri akiwa ametulia, na akashindwa kabisa akiwa na hasira au mbele ya wenzake. Mzazi anayetaka kusikia hoja huanza kwa kuchagua wakati: mjadala wa saa tano usiku, mlangoni, kijana akiwa amechelewa kurudi, hauzai hoja hata kwa mtu mzima.

Mabishano huhusu nini

Judith Smetana wa Chuo Kikuu cha Rochester nchini Marekani amechunguza kwa miaka mingi mivutano kati ya vijana na wazazi. Ameonyesha kuwa pande hizo mbili mara nyingi hulitazama jambo moja kwa macho tofauti. Yapo mambo ya maadili, kama kutoiba na kutomdhuru mwingine. Yapo ya taratibu na desturi, kama namna ya kuvaa mbele ya wageni. Yapo ya usalama, kama kutembea usiku. Na yapo ambayo kijana huyahesabu kuwa yake mwenyewe, kama marafiki, mtindo wa nywele au mpangilio wa chumba chake.

Juu ya maadili hakuna ugomvi mkubwa, kwani vijana wengi hukubali kuwa wazazi wana haki ya kuyasimamia. Ugomvi huzuka mpakani, pale mzazi anapoona desturi au usalama na kijana akaona jambo lake binafsi. Kutambua aina ya jambo ni hatua ya kwanza ya hoja. Anayeomba kusuka mtindo fulani wakati wa likizo anahitaji kueleza kwa nini desturi ya familia haivunjwi. Anayeomba kurudi jioni anahitaji kuzungumzia njia, usafiri na mtu atakayerudi naye. Sababu nzuri iliyopelekwa kwenye swali lisilo lake haimsaidii mtu.

Umri peke yake hautoshi

Deborah Kuhn, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha mwaka 1991 kitabu kuhusu ujuzi wa kujenga hoja. Aliwahoji watu wa rika mbalimbali, kuanzia vijana hadi watu wa miaka ya sitini, juu ya sababu za matatizo ya kijamii. Wengi waliweza kusema wanaamini nini. Walipoulizwa ushahidi, wengi walirudia maelezo yaleyale kwa maneno mengine, na waliposhurutishwa kufikiria ambavyo mpinzani angesema, wengi walikwama. Kuzeeka hakukuwapa ujuzi huo.

Mazoezi huleta tofauti. Mwaka 2011, Kuhn na mwenzake Amanda Crowell walitoa matokeo ya kazi ya miaka mitatu na wanafunzi walioianza wakiwa na miaka 11 au 12. Wanafunzi hao walijadiliana mara kwa mara, wawiliwawili, dhidi ya wenzao wa upande wa pili. Mwishoni, insha zao zilizingatia zaidi hoja za pande zote mbili kuliko insha za wanafunzi waliofundishwa kwa njia ya kawaida.

Faida ya ujuzi huu huvuka mipaka ya nyumba. Joseph Allen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwafuatilia vijana kwa miaka kadhaa, wakianza na namna walivyojadiliana na mama zao wakiwa na miaka 13. Waliotetea msimamo wao kwa sababu na kwa utulivu, bila kupiga kelele wala kutukana, walikuwa baadaye imara zaidi mbele ya marafiki waliowashawishi kutumia pombe na dawa za kulevya. Kijana aliyezoea kumwambia mama yake kwa heshima, “Mama, sikubaliani, na sababu yangu ni hii,” ana maneno ya kumwambia rafiki pia. Aliyefundishwa kunyamaza tu, hata vichochoroni atanyamaza.

Hoja na adabu

Katika familia nyingi za Afrika Mashariki, hofu kubwa ni kwamba kijana akiruhusiwa kutoa hoja atakuwa mjuvi, atajibizana na wakubwa. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu hoja bila adabu hugeuka ufedhuli. Lakini kujibizana ni kurushiana maneno ili kushinda, na kujenga hoja ni kumpa mkubwa kitu cha kupima. Wahenga walisema heshima si utumwa, na kijana anaweza kuamkia, kuomba nafasi ya kuzungumza, kutokatiza maneno na kukubali uamuzi wa mwisho, huku akiwa ameeleza sababu zake zote.

Zipo pia njia za jadi. Kijana asiyeweza kumkabili baba moja kwa moja hupitia kwa shangazi, mjomba au bibi. Njia hiyo ni nzuri mradi sababu ziwe za kijana mwenyewe na mkubwa huyo azifikishe kama zilivyo. Shangazi anayekwenda kubembeleza tu humpatia kijana ruhusa bila kumpatia ujuzi.

Sheria nazo zimeyaweka mambo haya mawili pamoja. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 unampa mtoto haki ya kutoa maoni yake, na mkataba huohuo unamtaka awaheshimu wazazi na wakubwa. Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambulia mtoto mwenye uwezo wa kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Kusikilizwa hakumaanishi kukubaliwa kila ombi. Kunamaanisha sababu zipimwe kabla ya jibu kutolewa.

Mfano: ombi la mazoezi

Msichana wa kidato cha pili anataka kujiunga na timu ya netiboli ya mtaa. Anaanza hivi: “Baba, wenzangu wote wameruhusiwa, mimi tu ndiye nakatazwa kila kitu!” Ndani ya sentensi hiyo mna lawama mbili na hamna ushahidi hata mmoja. Baba anajibu, “Hao wenzako nawalisha mimi?” na mazungumzo yanaishia hapo.

Siku nyingine, baada ya chakula cha jioni, anasema: “Baba, naomba nafasi nikueleze jambo. Ningependa kujiunga na timu ya netiboli. Mazoezi ni Jumanne na Alhamisi, saa kumi hadi saa kumi na mbili kasorobo. Najua una wasiwasi na mtihani wa upimaji na njia ya kurudi. Hesabu zangu zilishuka muhula uliopita, kwa hiyo siku hizo nitasoma saa mbili hadi saa nne usiku. Zamu yangu ya vyombo nimebadilishana na mdogo wangu. Kurudi nitakuwa na binti wa jirani, na mwalimu wa timu yuko tayari kuongea nawe. Naomba unijaribu mwezi mmoja. Alama za jaribio la mwisho wa mwezi zikishuka, nitaacha.”

Mwanafalsafa wa Uingereza Stephen Toulmin, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu matumizi ya hoja, alizichambua hoja za namna hii kwa sehemu zake. Lipo dai: kujiunga na timu. Upo ushahidi: ratiba, zamu iliyobadilishwa, mtu wa kurudi naye. Ipo kanuni inayounganisha ushahidi na dai, hata isipotamkwa: nyumbani humo michezo huruhusiwa ikiwa masomo, kazi na usalama haviathiriki. Lipo jibu kwa pingamizi, na upo mpaka: mwezi mmoja, kisha kupimwa upya. Lenye nguvu kuliko yote ni kwamba msichana amezitaja mwenyewe alama zake za hesabu zilizoshuka. Asingezitaja, baba angezitaja, na hoja nzima ingeporomoka.

Kazi ya mzazi na mlezi

Mwanasaikolojia wa Marekani Diana Baumrind, katika tafiti alizoanza miaka ya 1960, alitofautisha wazazi wanaoamuru tu, wanaoachia kila kitu, na wanaosimamia sheria huku wakieleza sababu na kusikiliza. Kundi la tatu ndilo linalolea vijana wa kujenga hoja, na namna zake zinaweza kujifunzwa.

La kwanza ni kutoa sababu. Mzazi anayesema “nimesema hapana, basi” humfundisha kijana kuwa uamuzi ni wa mwenye nguvu. Akisema, “Hapana, kwa sababu barabara ile haina taa na mwezi uliopita watu waliporwa,” amemwonyesha sababu na ushahidi kwa pamoja.

La pili ni kuuliza badala ya kujibu haraka. Maswali machache hutosha: Unataka nini hasa? Umejuaje? Nani ataathirika? Unadhani mimi naogopa nini? Swali la mwisho ndilo zito, kwani humlazimisha kijana kusimama mahali pa mwenzake. Akilishindwa, apewe muda, labda hadi Jumamosi, arudi na jibu.

La tatu ni kutolipa kelele. Mzazi anayekataa ombi lililopangwa vizuri siku ya Jumatatu, kisha akalikubali Jumatano baada ya mlango kubamizwa na chakula kususiwa, amefundisha somo baya kuliko katazo lenyewe. Hoja iwe ndiyo njia inayozaa matunda. Hiyo ina maana kwamba mara mojamoja mzazi abadilishe uamuzi wake kwa sababu ya hoja, na aseme hadharani kuwa hoja ndiyo iliyombadilisha.

La nne ni kusema mapema yasiyo na mjadala. Familia isiyo na fedha za safari ya shule iseme hivyo, isimwache kijana ajenge hoja wiki nzima kwa jambo lililokwisha kuamuliwa na mfuko.

Maamuzi makubwa

Mazoezi ya mambo madogo huandaa makubwa. Nchini Tanzania, anayemaliza kidato cha nne huchagua tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo, ya kidato cha tano na cha sita, na mzazi anayetaka daktari mara nyingi hushikilia fizikia, kemia na baiolojia hata kwa mtoto aliyeng’ara katika historia na lugha. Nchini Kenya, wanafunzi wa mtaala wa umilisi wanaoingia sekondari ya juu huchagua kati ya mikondo mitatu: sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Kusema “siipendi fizikia” hakumshawishi mzazi. Hoja yenye uzito huleta alama za miaka miwili au mitatu, sifa za kuingilia kozi inayotakiwa chuoni, maoni ya mwalimu wa somo, na mpango wa akiba endapo matokeo hayatafika. Kijana akikusanya hayo, huenda akagundua mwenyewe kuwa chaguo lake lina kasoro. Hiyo nayo ni faida.

Pasipohitaji hoja

Kuna mambo ambayo kijana hadaiwi sababu. Kukataa kuguswa mwili, kukataa kuozwa akiwa bado mtoto, kukataa kupigwa hadi kuumizwa au kukataa kutumwa kwenye hatari havihitaji ushahidi wala ruhusa. Kijana afundishwe kuwa hapo “hapana” inatosha, na kuwa atafute msaada kwa mtu mzima anayemwamini. Mzazi anayedai hoja kwa mambo hayo amekosea.

Kwa mengine yote, mwanzo ni mdogo. Katazo lijalo ndani ya nyumba litolewe pamoja na sababu yake, na kijana aulizwe yake. Samaki hukunjwa angali mbichi, na kijana asiyezoeshwa kutoa sababu akiwa na miaka 13 atashindwa kuidai kwa mwajiri, kwa mwenzi na kwa kiongozi anayeomba kura yake.