Uduvi na samaki katika tangi moja

Mtu anayetaka uduvi wazaliane kwenye tangi lenye samaki huambiwa atafute samaki mpole. Upole hausaidii kitu. Samaki humeza kinachoingia mdomoni, na mtoto wa uduvi aliyetoka yaini leo ana urefu wa milimita mbili hivi. Pima mdomo wa samaki, tabia yake iache.

Ziwa letu linaonyesha hilo vizuri. Uduvi wa Ziwa Victoria, Caridina nilotica, ni mdogo kuliko kidole cha mtoto. Chambua fungu la dagaa kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, huenda ukamkuta amekaukia humo. Sangara alipandikizwa ziwani miaka ya 1950, na miaka ya 1980 alipoongezeka kwa kasi, samaki wa asili waitwao furu wa Ghuba ya Mwanza walitoweka kwa wingi wa kutisha. Uduvi hawakwisha. Waliongezeka, ingawa sangara wadogo waliwageukia kama chakula kikuu. Waliokuwa wakiwala na kugombania nao chakula walikuwa wamepungua, halafu uduvi wenyewe wanajua kujificha: wengine hukaa kwenye majani ya ufukweni, wengine hushuka kwenye maji ya chini yenye oksijeni haba ambako samaki wengi hawakawii.

Basi kwenye tangi kazi ya kwanza ni maficho. Jaza kona moja majani ya majini yaliyosongamana, ongeza mizizi ya mti na mawe yenye mianya myembamba. Tangi la lita 60 lenye msitu wa namna hiyo litakupa watoto wengi kuliko la lita 200 lililo tupu. Chujio liwe la sponji linaloendeshwa kwa hewa, kwa sababu machujio mengine huwavuta watoto ndani.

Uduvi wekundu wanaouzwa kwa wafugaji, wenye asili ya Asia Mashariki, ndio rahisi kuzalisha. Jike hubeba mayai 20 hadi 30 chini ya tumbo. Ukimtazama kwa karibu utaona vijiguu vya tumboni havitulii: anayapepea mayai, anayageuza, yapate hewa na yasiote ukungu. Kwa joto la nyuzi 25, ambalo Mwanza hulipata bila hita, watoto huanguliwa baada ya wiki tatu au nne, wakiwa tayari na umbo la wazazi wao.

Samaki wa kuwaweka nao ni wale wanaoishi karibu na uso wa maji na wenye midomo midogo. Gapi watakula watoto wengi, ila kwenye majani mazito wachache hubaki. Furu msahau kabisa. Hata furu wa ghuba waliokuwa wakila vijidudu vinavyoelea, baadhi yao waliporejea miaka ya 1990 walionekana wakila uduvi pia.

Maji ya bomba yaache wazi siku nzima klorini itoke. Dawa za samaki zenye shaba ni sumu kwa uduvi, hata kidogo tu. Na kwa kuwa maji ya ziwa hayana chokaa nyingi, kipande cha ganda la yai kilichochemshwa huwasaidia wanapojivua gamba.

Wapo wanaokwenda kuchota uduvi wenyewe ufukweni. Hapo nina neno zito: kwenye majani yale yale huishi konokono wa kichocho, na Mwanza ugonjwa huo upo sana. Usiingie majini kwa miguu mitupu, wala usilete nyumbani majani ambayo hujayakagua. Konokono mmoja aliyeambukizwa huendelea kutoa vijidudu ndani ya tangi lako, nawe unatumbukiza mkono humo kila wiki.

Ukichoka kufuga, mpe mfugaji mwingine. Uduvi wa kigeni usiwamwage ziwani wala kwenye mto Mirongo, hata mmoja.