Wazazi Ndio Walimu wa Kwanza

Wapendwa wazazi, leo twajibu swali linalowasumbua wengi wenu: shule ikifungwa kwa sababu ya vita, au mafuriko yakibomoa daraja, watoto wafanyeje? Je, wakae tu wakingoja?

Wasingoje. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965 juu ya malezi ya Kikristu, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Mwalimu na katekista huwasaidia, lakini hawachukui mahali penu. Hata Mtume Paulo, alipoisifu imani ya Timoteo, alikumbuka kwamba ilikaa kwanza ndani ya bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Labda baba mmoja atasema: "Mimi sikusoma. Nitafundisha nini?" Tumtazame Mwenye Heri Isidori Bakanja, mwana wa nchi yetu, aliyetangazwa mwenye heri mwaka 1994. Alibatizwa mwaka 1906, akiwa kijana kibarua. Alikokwenda kufanya kazi baadaye hapakuwa na padri karibu, lakini aliwafundisha wenzake sala alizozijua. Kwa ajili ya imani yake alipigwa vibaya mno, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Hakungoja kujua yote. Alitoa alichokuwa nacho.

Basi tufanye hivi.

Kwanza, chagueni saa moja isiyobadilika, asubuhi au baada ya kutoka shambani. Nusu saa ya kila siku yapita siku nzima ya mara moja kwa mwezi.

Pili, wadogo waandike herufi mchangani kwa kijiti, wahesabu kwa punje za mahindi, na wajifunze sala kidogo kidogo, neno kwa neno. Mzazi asiyejua kusoma amwambie mtoto mkubwa asome kwa sauti, kisha amwulize: "Umesoma nini? Nieleze." Anayeeleza hujifunza mara mbili.

Tatu, kijana wa miaka 14 au 15 hapendi kufundishwa kama mdogo. Mpeni kazi yenye hesabu: apime shamba kwa hatua, aandike mawese yaliyouzwa na fedha iliyopatikana. Jioni asome Injili ya Dominika, na jamaa yote izungumze. Akiuliza neno gumu, msimkemee. Semeni: "Hatujui, tutamwuliza katekista." Na kweli mkamwulize. Binti naye apate saa yake sawasawa na kaka yake. Vyombo vitaoshwa baadaye, na wote wawili wavioshe.

Nne, fundisheni kwa matendo. Baba akifundisha amri ya nane jioni, na asubuhi akamdanganya mnunuzi sokoni, mtoto atashika somo la asubuhi.

Shule ikifunguliwa, mrudisheni mtoto upesi. Nyumba haishindani na shule. Huilinda mbegu isikauke.

Maswali ya kukumbuka

Swali: Ni nani walezi wa kwanza wa mtoto?
Jibu: Ni baba na mama yake.

Swali: Mzazi asiyejua kusoma aweza kufundisha?
Jibu: Ndiyo, kwa sala, kwa kusikiliza na kuuliza, na kwa mwenendo mwema.

Jamaa Takatifu ya Nazareti, utuombee. Amina.