Fedha ya Mtambwe Mkuu: Sisi Pia Tulipiga Sarafu

Hapa Khuwair ya Kusini, Muscat, ninakokaa nikisomea shahada ya pili ya uhandisi, wazee waliotoka Unguja wakizungumzia pesa za zamani huanza na reale. Ni ile yenye sura ya Maria Theresa na mwaka 1780, iliyoendelea kupigwa na tarehe hiyohiyo miaka mingi baada ya malkia huyo kufa.

Kwa jicho la mhandisi, ilitengenezwa kwa akili: gramu 28 hivi, sehemu tano kwa sita zikiwa fedha safi, na ukingoni maandishi yaliyoinuka. Mtu akiikwangua aibe fedha, inaonekana mara moja. Ndiyo maana iliaminika Unguja na Oman. Seyyid Barghash naye alitoa riale yake ya fedha mwaka 1299 Hijria (1882), lakini leo hiyo ni adimu.

Tatizo ni kwamba wengi wetu tunaishia hapo. Utamsikia hata msomi akisema pesa tuliletewa na wageni. Siyo kweli jamani!

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, waakiolojia walifukua lundo la sarafu ndogondogo za fedha, zaidi ya 2,000, pamoja na chache za dhahabu. Zile za fedha zilipigwa hukuhuku pwani. Upande mmoja lipo jina la mtawala, kwa mfano Ali bin al-Hasan, na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu. Pande mbili hizo zina vina, kama shairi.

Sasa, umri wake ulijulikanaje, na wala haziandikwi tarehe? Jibu lilikuwa kwenye dhahabu. Humo mlikuwa na dinari za Wafatimi wa Misri, zenye tarehe, na za mwisho ni za miaka ya 1060. Basi lundo halikufukiwa kabla ya hapo, na wataalamu huliweka karne ya 11. Yaani miaka 700 hivi kabla ya 1780!

Lakini angalia: sarafu hizo zingeuzwa mojamoja kwa sonara, ushahidi wote ungepotea. Kwa hiyo mkienda likizo nyumbani, mkaona sarafu ya kale shambani au ufukweni, msiing'arishe wala msiiuze. Andikeni ilipookotwa na ilikuwa pamoja na nini, kisha wapelekeeni watu wa makumbusho. Mahali ilipolala ni nusu ya habari yake.