Kuzunguka Kisiwa cha Lamu kwa Baiskeli

Watu wengi wa bara wakisikia jina la Lamu hufikiri majahazi na punda, nao hufikiri sawasawa. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una vichochoro vyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Motokaa ni chache mno kisiwani, ingawa pikipiki zimeongezeka siku hizi. Lakini si wengi wanaojua ya kuwa mtu mwenye baiskeli imara, subira, na hesabu njema ya maji ya bahari aweza kukizunguka kisiwa kwa siku moja, akarudi kwake kabla ya magharibi. Mimi ni karani, na kazi yangu ni ya kuketi. Nalifanya safari hiyo peke yangu siku ya mapumziko, mwezi wa Januari, na napenda kuwaeleza wasomaji jinsi ilivyo, ili atakaye aifuate.

Jambo la kwanza ni maji. Sehemu kubwa ya njia ni ufuo unaoanza Shela na kuelekea Kipungani, urefu wake kilomita 12 hivi. Mchanga mkavu wa juu haupitiki kwa baiskeli, kwa kuwa gurudumu huzama. Lakini mchanga ulioachwa na maji sasa hivi ni mgumu kama sakafu. Basi sharti msafiri apite wakati maji yamekupwa. Siku za bamvua, yaani mwezi uandamapo na uwapo mpevu, maji hutoka mbali sana, na katika pwani yetu hukupwa kabisa kadiri ya saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu hayatoki mbali, na ufuo huwa mwembamba. Kwa hiyo nalichagua siku ya pili baada ya mwezi kuandama.

Jambo la pili ni upepo. Katika miezi ya kaskazi, Desemba hata Machi, upepo humsukuma mgongoni mtu atokaye Shela kwenda Kipungani. Wakati wa kusi humpiga usoni, na mawimbi ya upande ule huwa makali.

Nalitoka saa kumi na mbili na nusu. Mjini nalisukuma baiskeli kwa mkono, nikijibana ukutani kila niliposikia wachunga punda wakiita, "Simile! Simile!" Hadi Shela ni kilomita 3 hivi. Nalifuata njia ya ndani, maana maji yalikuwa hayajatoka bado. Huko Shela nalipumzika karibu na msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, wenye mnara mweupe uliochongoka, nikingoja bahari.

Mahali hapa pana kumbukumbu kubwa. Mwanzoni mwa karne ya 19 jeshi la Mazrui wa Mombasa na la Pate lilishuka Shela ili kuushinda mji wa Lamu. Watu wa Lamu wakalipiga, na wapiganaji walipokimbilia vyombo vyao walivikuta vimekaa mchangani, kwa kuwa maji yamekupwa. Wengi waliuawa pale pale ufuoni. Baada ya hapo Lamu ikaomba msaada kwa Sayyid Said wa Oman, na ngome ya mjini ikamalizwa kujengwa kadiri ya mwaka 1821. Kwa hiyo mtu wa Lamu akuambiapo, "Tazama maji kwanza," hasemi neno dogo.

Saa tatu kamili nalianza ufuo. Nalipunguza upepo wa matairi kidogo ili yashike mchanga, nikaenda mbio nisivyopata kwenda barabarani. Kushoto ilikuwa bahari kuu, kulia vilima vya mchanga, na mbele yangu palikuwa na kaa tu wakikimbilia mashimo yao. Hapana mti, hapana kisima, wala duka. Nalikutana na mtu mmoja tu, mzee mwenye mshipi na kikapu cha samaki. Tulisalimiana, akaniuliza niendako, akatazama bahari. "Utafika, mwanangu," akasema, "ila usikae kitako njiani."

Nilipopita nusu ya ufuo, yapata saa nne, gome la chaza lilikata tairi la nyuma na mpira wa ndani ukatoboka. Nalikuwa na viraka, gundi na pampu, lakini kiraka cha kwanza hakikushika. Gundi haishiki penye chumvi na mchanga. Ilinibidi kuchagua. Nilikuwa nimebakiwa na lita 2 za maji ya kunywa, na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali. Nalitumia lita nzima kuuosha mpira, nikaukausha kwa shati, nikautia kiraka cha pili, nikangoja chini ya kivuli cha baiskeli yenyewe. Kilishika. Wakati huo ilikuwa karibu saa tano na nusu, na maji yamegeuka. Nalipanda nikaenda bila kutazama nyuma. Ukanda wa mchanga mgumu ulikuwa ukipungua, na kipande cha mwisho nalisukuma baiskeli katika mchanga laini, viatu vimejaa maji.

Nalifika Kipungani na koo kavu. Kijiji hiki kina sifa ya ususi. Wanawake huketi kivulini wakisuka ukili, na kutoka kwa ukili huo hushona mikeka na vikapu. Mama mmoja aliponiona aliweka kazi yake chini. "Karibu, mwanangu," akasema. "Kunywa kwanza, habari baadaye." Akanipa maji ya kisimani, nayo yalikuwa matamu.

Yafaa tufikiri maji haya yatoka wapi, maana kisiwa kimezungukwa na chumvi pande zote. Mvua inyeshapo juu ya vilima vya mchanga hainyiririki kwenda baharini, bali huzama polepole na kusafika. Kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya chumvi, hukaa juu yake chini ya ardhi, na visima huyafikia. Mji wa Lamu hunywa maji yanayotunzwa na vilima vya Shela. Vilima vikijengwa nyumba, mchanga ukichukuliwa, au maji yakivutwa kupita kiasi, chumvi itapanda. Ng'ambo ya mlango wa bahari, kisiwani Manda, yako magofu ya Takwa, mji ulioachwa kadiri ya mwaka 1700, na watu wake wakahamia Shela. Husemwa kwamba sababu moja ni visima vyake kuingiwa na chumvi. Wanaogombania viwanja vilimani wangeitembelea Takwa kwanza.

Kutoka Kipungani nalishika njia ya ndani hata Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi. Nalimwona fundi akitia kalafati, akishindilia pamba katikati ya mbao ili maji yasiingie. Kando yake mikoko ilisimama ndani ya maji yaliyokuwa yamejaa tena. Kutoka hapo nalirudi mjini kwa njia ya punda, nikafika kabla ya adhana ya magharibi.

Atakaye kwenda na achukue maji lita 4, si 3 kama nilivyochukua mimi, maana baiskeli nayo yaweza kuhitaji kinywaji. Achukue kofia, viraka na pampu, na aulize wavuvi habari za maji siku moja kabla. Tena asilale kabla ya kuiosha baiskeli kwa maji matamu na kuutia mnyororo mafuta, kwa kuwa chumvi ya usiku mmoja hula chuma upesi. Ndoo moja yatosha, asimwage mbili.